Betri ya Akiba Ihesabiwe Miongoni mwa Kemikali

Mara nyingi kamera ya shule hutunzwa kwa heshima: hutiwa mfukoni mwake, hufungiwa kabatini, na ufunguo hukabidhiwa mwalimu. Betri zake za akiba hazipati heshima hiyo. Hutupwa ndani ya mtoto wa meza pamoja na sarafu na pini, au huachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani. Maoni yetu ni kwamba desturi hii inafaa kukomeshwa, kwani betri ni kemikali, na yastahili kuhifadhiwa kama kemikali.

Kamera nyingi za leo hutumia betri ya lithiamu-ioni, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1991. Ndani yake mna kiowevu kiwezacho kushika moto, na utando mwembamba wa plastiki utenganishao upande chanya na upande hasi. Hata isipotumiwa, mabadiliko ya kikemia huendelea ndani yake polepole. Kwa makadirio ya kawaida, joto likiongezeka kwa digrii 10 za Sentigredi, mwendo wa mabadiliko kama hayo hukaribia kuwa maradufu. Siku ambayo kivulini ni digrii 32, ndani ya gari lililofungwa juani joto laweza kupita digrii 50. Hapo betri huzeeka upesi, na uwezo iliopoteza haurudi kwa kuipoza.

Wengi huijaza betri kabisa kabla ya kuiweka, kama mtu ajazavyo mtungi. Lakini betri si mtungi. Ikijaa, volti yake huwa juu na kemikali zake huharibika upesi zaidi. Kujaa pamoja na joto kali ni hali mbaya sana. Betri itakayokaa wiki kadhaa iwekwe ikiwa na karibu nusu ya umeme wake, na ikaguliwe kila baada ya miezi michache ili isiishe kabisa.

Wako wanaoshauri jokofu. Hatukubaliani nao. Betri baridi ikitolewa katika hewa yenye unyevu hupata umande, na metali ya ncha zake huliwa na kutu. Kabati lenye kivuli, lililo mbali na mabati ya paa, latosha.

Ncha nazo zifunikwe. Ufunguo mmoja ukiziunganisha, mkondo mkubwa hupita na moto waweza kuzuka. Kwa sababu ya hatari ya moto, kanuni za usafiri wa ndege hutaka betri za akiba zichukuliwe mkononi, zisiwekwe katika mizigo ya chini. Betri iliyovimba isitiwe umeme tena. Itengwe mbali na vitu viwakavyo.

Katika maabara, chupa ya tindikali hubandikwa jina na tarehe, ikapewa mahali pake. Betri ifanyiwe vivyo hivyo. Haihitaji fedha mpya, ila karatasi, kalamu na kivuli. Naye mwalimu afundishaye jinsi joto linavyoharakisha mabadiliko ya kikemia atakuwa na mfano wake kabatini.