Istilahi Huishi Katika Sentensi

Aghalabu husemwa kuwa Kiswahili kinatosha kwa ushairi na siasa, ila kikifikishwa katika maabara ya kemia hukwama. Dai hili hujibiwa kwa orodha za istilahi. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kazi hiyo ni ya kuheshimiwa. Hata hivyo, orodha peke yake haithibitishi kitu. Jibu la haki ni kuieleza hoja ngumu ya sayansi kwa Kiswahili, kisha msomaji aamue.

Chukua, mathalani, solvolisisi, yaani mmenyuko ambamo kiyeyushi chenyewe, kama vile maji au alkoholi, huingiliana na molekuli iliyoyeyuka ndani yake na kutwaa nafasi ya kundi linalobanduka. Je, kundi hilo hujiondokea kwanza, au husukumwa na kiyeyushi papo hapo? Hakuna jicho linaloweza kushuhudia. Wanakemia basi huweka shahidi. Katika kaboni inayolishika kundi hilo, hidrojeni hubadilishwa kwa deuteriamu, isotopu yake yenye uzito unaokaribia mara mbili, aliyoigundua Harold Urey mwaka 1931. Kisha kasi hulinganishwa. Kundi likiondoka kwanza, kaboni hupata nafasi, hidrojeni hutikisika kwa uhuru zaidi, na molekuli yenye hidrojeni huitangulia yenye deuteriamu kwa takriban asilimia 15 hadi 25 kwa kila atomi iliyobadilishwa. Kiyeyushi kikisukuma, nafasi hubanwa na tofauti hiyo hukaribia kutoweka.

Maneno ya kukopa yaliyomo humo si aibu. Hata Kiingereza kiliyapata “hidrojeni” na “deuteriamu” kwa mizizi ya Kigiriki. Kilichoibeba hoja ni vitenzi vya Kiswahili: kubanduka, kusukuma, kubana, kutangulia.

Tatizo, basi, haliko katika lugha bali katika mgawanyo wa kazi. Wanaisimu huunda istilahi zisizoandikiwa makala. Wanakemia huandika makala yasiyozihitaji istilahi hizo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini katiba haiandiki vitabu. Wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kuketi na wenzao wa kemia, waandike pamoja na wakubali kukosolewa. Wanaohofia makosa wakumbuke kuwa kupotea njia ndiko kujua njia. Istilahi isiyotumika ni maiti iliyohifadhiwa vyema.