Mashine ya Leza ni Amana, si Pambo

Msomaji wetu wa Unguja na Pemba anayo haki ya kuuliza: Makongolosi inatuhusu nini sisi watu wa bahari? Mji huo mdogo uko wilayani Chunya, mkoani Mbeya, katika machimbo ya dhahabu ya Lupa yaliyoanza kuvuta watu tangu miaka ya 1920. Hata hivyo leo tunapenda kuwaelekeza huko wananchi pamoja na watumishi wa Serikali, kwa sababu haja ya Makongolosi ya leo ndiyo haja ya karakana zetu za Visiwani ya kesho.

Dhahabu ya Makongolosi haitoki mwambani kwa mikono mitupu. Inataka makarasha ya kusaga mawe, matangi ya kuchenjulia na winchi za kuvutia mzigo kutoka mashimoni, na kila kimoja kati ya hivyo ni chuma kilichokatwa na kuungwa. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa kwa moto wa gesi na kwa grinda. Fundi hupima kwa chaki, hukata, husawazisha, kisha hugundua kwamba tundu la boliti halikutani na lenzake. Chuma kimepotea, siku imepotea, na mchimbaji aliyeharibikiwa na karasha ameketi akingoja.

Sasa imekuja mashine inayokata chuma kwa mwanga. Elimu yenyewe si ya jana: mwaka 1967, huko Cambridge, Uingereza, wataalamu walikata bamba la chuma kwa leza iliyosaidiwa na oksijeni. Katika mashine za siku hizi mwanga huzaliwa ndani ya uzi mwembamba wa kioo, hupita hadi kwenye kichwa cha kukatia, lenzi huukusanya katika nukta moja, chuma huyeyuka, na gesi hukipuliza kitoke kwa chini. Kompyuta ndiyo inayokiongoza kichwa. Mashine ya kilowati 3 hukata kwa uhakika bamba la chuma cha kawaida la unene wa milimita 16 hivi. Kwa mabamba mazito zaidi moto wa gesi bado una kazi yake, na anayemwambia mchimbaji kwamba leza hiyo itakata kila kitu anauza maneno.

Bei ya mashine hiyo ni kubwa, na ndiyo sababu tunaandika. Halmashauri za Tanzania Bara hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuvikopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Zanzibar upo Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi. Tena kanuni za madini za mwaka 2018 zinazitaka kampuni za migodi zitangulize bidhaa na huduma za Watanzania. Njia ya kumwezesha fundi wetu ipo. Hofu yetu ni moja tu: tusije tukanunua mashine tukamsahau mtu.

Hofu hiyo haikuzuka hewani. Tumepata kuingia katika karakana moja, ambayo hatutaitaja, tukaikuta mashine ya namna hii imefunikwa turubai. Tulipouliza tuliambiwa kwamba lenzi imeungua. Chini ya lenzi hukaa kioo kidogo cha kinga, ambacho bei yake haifiki hata chembe ya bei ya mashine. Kioo hicho kilirukiwa na cheche kikashika doa. Doa likala joto la mwanga. Kijana akaendelea kukata, mpaka maradhi ya kioo yakapanda kwenye lenzi. Kijana yule hakuiba wala hakuwa mzembe. Hakufundishwa. Deni la mashine, hata hivyo, halikumngojea ajifunze.

Kuiendesha vema mashine hii si siri ya Wazungu wala ya Wachina. Kioo cha kinga kitazamwe kila siku kabla ya kazi, na kikibadilishwa, kibadilishwe pasipo vumbi na kwa mikono safi. Tundu la nozeli liwe duara kamili, na mwanga upite katikati yake. Gesi ichaguliwe kwa kazi: oksijeni ya shinikizo dogo kwa chuma cha kawaida, kwani huungana na chuma na kuongeza joto, nitrojeni ya shinikizo kubwa kwa chuma kisichoshika kutu, ili ukingo ubaki mweupe. Fundi azisome cheche. Zikishuka wima, mwendo ni mzuri. Zikilala nyuma, anakimbia mno. Na mavi ya chuma yakiganda chini ya bamba, kuna lililokosewa, ama mwendo, ama gesi, ama mahali pa nukta ya mwanga.

Yako pia mambo mawili yasiyokubali msamaha. La kwanza ni jicho. Mwanga huu hauonekani, lakini hupenya mboni na kuunguza sehemu ya ndani ya jicho, na jicho lililoungua hivyo halirudi. Miwani ya jua haisaidii. Inatakiwa miwani iliyotengenezwa kwa mwanga wa aina hiyo hasa, na milango ya mashine ifungwe wakati wa kazi. La pili ni umeme. Mashine iwe na kidhibiti cha umeme na waya madhubuti wa ardhini, kwani umeme unaopanda na kushuka huua vifaa vyake upesi kuliko kazi yenyewe.

Hapa Makongolosi na Visiwani wanakutana, kila mmoja na adui yake. Adui wa Makongolosi ni vumbi la mawe. Adui wetu ni unyevu na chumvi ya bahari. Maji ya kupozea yakiwa baridi kupita kiasi katika hewa yetu nzito, lenzi hutoa jasho kama gilasi ya maji ya barafu, na mwanga ukipita juu ya jasho hilo huiharibu. Chumba cha mashine Visiwani hakina budi kufungwa na kukaushwa hewa.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika jambo lililo wazi. Mkopo wowote wa mashine hii uhesabu ndani yake mafunzo ya waendeshaji wasiopungua wawili, akiba ya vioo na nozeli, kidhibiti cha umeme na miwani. SIDO, ambayo tangu mwaka 1973 kazi yake ni viwanda vidogo, VETA, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na kwa upande wetu Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, ziandae mafunzo hayo kwa Kiswahili, kwani anayeshika mashine ni kijana wa karakana, si mwandishi wa kitabu cha maelekezo. Afisa anayetia saini asiulize tu mashine imefika lini. Aulize nani ataiendesha, na nani atashika zamu yake akiugua.

Mashine iliyokopwa kwa mali ya umma ni amana. Amana haitunzwi kwa turubai, bali kwa elimu ya anayeishika.