Mwenda kwa Miguu Si Fukara

Jambo moja lanikera kila nikizungumza na wenzangu barazani. Mtu akionekana asubuhi anakwenda kazini kwa miguu, au amepanda baiskeli, watu humwonea huruma. "Masikini, fulani yamemfika nini?" Lakini yule ambaye kitambi kimemtangulia, asiyeweza hatua mia ila apande tuktuk, huyo husifiwa kuwa dunia imemkubali. Nami nasema kwamba desturi hii ya kupima heshima ya mtu kwa miguu yake kutokanyaga chini imetudhuru.

Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi hayo yalikuwa ya ghorofa. Dereva aliketi kutwa, na kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa akikata tikiti. Ikadhihirika kuwa madereva walishikwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta. Mwaka 1956 mabwana hao wakatazama vipimo vya sare, wakakuta viuno vya suruali za madereva ni vipana kuliko vya makondakta wa rika lao.

Msomaji makini atauliza: je, kiti ndicho kilichomnenepesha dereva, au wanene ndio waliopenda kazi ya kukaa? Swali hili ni la haki, kwani hata madereva vijana tayari walikuwa na viuno vipana. Basi natazama chunguzi za karibuni. Mwaka 2014 ilitangazwa huko huko Uingereza kwamba wanaume waendao kazini kwa miguu, kwa baiskeli au kwa basi na treni, ni wepesi kuliko wenye kwenda kwa gari lao kwa kiasi cha kilo 3, na wanawake kilo 2 na nusu. Hata wa basi wamo, kwa sababu hana budi kutembea mpaka kituoni. Na mwaka 2015 wakafuatwa watu waliobadili mwendo. Walioacha gari walipungua, kwa wastani, kiasi cha kilo 1 katika miaka 2, na walioshika gari wakaongezeka kiasi hicho. Kilo moja si nyingi, lakini haikununuliwa kwa daktari.

Sasa turudi kwetu. Vichochoro vya Kibokoni na vya Lamu vilijengwa kwa kipimo cha mtu na punda, na wazee wetu walikwenda sokoni, kazini, harusini na matangani kwa miguu bila ya kuona haya. Leo bodaboda yamchukua mtu mlangoni na kumtua mlangoni, na matatu husimama popote mkono unapopungwa. Hata ile faida ya kutembea mpaka kituoni sisi tumeikosa. Wakati huo huo, hesabu ya serikali ya mwaka 2014 ilionyesha kuwa katika kila wanawake 3 wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49, mmoja alikuwa na uzito uliopita kiasi. Na sukari na presha, ambazo unene huzikaribisha, hapana nyumba isiyozijua.

Wala dini yetu haikumdharau mwenye kutembea. Banu Salima walipotaka kuhamia karibu na Msikiti wa Mtume (S.A.W.), aliwaambia wabaki majumbani mwao, kwani nyayo zao zaandikwa. Ikiwa hatua ya kwendea sala ina daraja hiyo, vipi hatua ya kwendea riziki ya halali iwe aibu?

Sisemi kuwa kutembea kutafuta sinia ya biriani ya kila siku. Mdomo nao una hesabu yake. Wala simlaumu anayeogopa barabara, kwa maana pembeni mwa njia zetu pamejaa magari yaliyoegeshwa, na bodaboda hupita hapo hapo pa waendao kwa miguu. Hili ni deni la serikali ya kaunti: njia za miguu zilizo wazi, miti ya kivuli, na mahali pa baiskeli. Mama aliyevaa buibui naye apite bila kusukumwa.

Lakini kutoka Ngomeni hadi Mwembe Tayari hakuhitaji kungoja kaunti. Ni mwendo usiofika nusu saa, na Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima atoe dakika 150 tu kwa juma. Nusu saa kwa siku 5 zatosha. Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure, sembuse mwenye kwenda kazini? Tukimwona jirani anatembea asubuhi, tumtolee salamu, tuache kumpa pole.