Tanki ya Kutoboka Si ya Kuziba na Sabuni

Sisi wanafunzi wa Mulekera tunapanda magari mingi, zaidi wakati wa likizo: hawa wanaenda Butembo, wale wanaenda Kasindi. Tunauliza bei, tunauliza fasi ya kukaa. Lakini tukisikia harufu ya esansi ndani ya gari, tunanyamaza. Kwetu kunyamaza vile ni vibaya.

Tanki ya chuma inazeeka. Maji kidogo yakiingia katika esansi, yanashuka chini juu ni mazito kuliko esansi, yanakaa pale, na kutu inaanza. Inje, mawe na matope ya barabara yanaipiga. Kisha kutu inabomoka, inaziba filtre na pompi, gari inazimika katikati ya kilima. Mwishowe tundu linatokea, na esansi inavuja tone kwa tone.

Sasa watu wanafanya nini? Wamoja wanaziba tundu na sabuni. Wengine wanaacha tanki, wanaweka bidoni ya plastiki karibu na miguu ya abiria, na mpira mmoja unaenda kwa mashini. Wengine tena wanapeleka tanki kwa fundi aunge kwa moto, wakisema: “Iko tupu, haina hatari.” Hapana! Kinachowaka ni mvuke wa esansi. Tanki iliyotoka kumwangwa imejaa mvuke na hewa. Cheche moja inaweza kuipasua kama bomu.

Tusisahau Sange, kule Kivu ya Kusini. Tarehe 2 Julai 2010 kamio ya esansi ilipinduka, esansi ikamwangika, moto ukawaka, watu zaidi ya 230 wakakufa. Taksi haibebe esansi mingi vile, lakini watu watano wakifungiwa ndani yake, esansi kidogo inatosha.

Kwa hiyo tanki ya kuoza ibadilishwe. Fundi afungue waya ya batri, atoshe esansi inje penye hewa, mbali na sigara na moto, aweke tanki nzima na mipira mipya, aangalie kama haivuje mbele ya gari kubeba mutu. Hata tanki ya gari ingine iliyokufa inafaa, kama haina kutu.

Mutatuambia: bei ni kali. Ni kweli. Lakini sabuni haimalize kutu; kesho tundu lingine litatokea, na esansi inayomwangika barabarani ni feza pia. Tena shofere mara mingi si mwenye gari. Jioni anapeleka feza kwa patroni, na yeye peke yake hawezi kuuza tanki. Neno letu ni kwa wenye magari, na wamoja kati yao ni baba zetu na wajomba zetu. Tuwaambie kwa heshima: “Baba, tanki kwanza, rangi nyuma.”

Na sisi abiria, tukisikia harufu, tushuke wote. Hapo shofere atapata neno la kupelekea patroni wake jioni.