UFUNDI KIJIJINI: Rafu za Duka Zisiguse Sakafu

Kama una duka dogo hapa Kidete, au unataka kufungua, mazungumzo ya mwezi huu ni yako. Leo tunazungumza juu ya rafu za plaiwudi.

Plaiwudi ni nini? Ni matabaka membamba ya mbao yaliyogandishwa kwa gundi. Nyuzi za tabaka moja hukatiza nyuzi za tabaka jingine. Kwa sababu hiyo plaiwudi haipasuki ovyo. Lakini ina adui. Adui huyo ni maji. Maji huingia kwenye kingo. Mbao huvimba, gundi huachia, matabaka hufumuka.

Watu wa bonde la Mkondoa wanayajua maji. Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe. Kidete imo katikati. Basi kabla ya kununua mbao, waulize wazee: hapa maji yalifika wapi? Weka alama ukutani. Unga, sukari na chumvi vikae juu ya alama hiyo. Ndoo na sufuria zinaweza kukaa chini. Kumbuka, mtaji wako wote uko juu ya rafu hizo.

Sasa chukua kalamu na karatasi. Pima ukuta, andika. Nyuma ya kaunta acha njia isiyopungua futi 2 na nusu, ili upite na mzigo.

Plaiwudi moja nzima ina futi 8 kwa futi 4. Chagua yenye unene wa milimita 18. Fundi aipasue kwa urefu, apate vipande 4. Kila kipande kitakuwa na upana wa karibu futi 1. Hautatimia kamili, maana msumeno hula mbao kila unapopita.

Vipande 2 vikatwe futi 6. Hizo ni mbavu za kusimama. Vipande 2 vikatwe katikati. Hapo umepata rafu 4. Yamebaki masalio 2 ya futi 2. Usiyatupe. Yafunge nyuma yakaze pembe.

Chini ya ukingo wa mbele wa kila rafu, funga ubao wa inchi 2 kwa inchi 1. Bila ubao huo rafu itapinda. Tumia gundi ya mbao pamoja na skrubu. Msumari peke yake hulegea.

Paka kingo zote rangi ya mafuta, hata zisizoonekana. Simamisha rafu zako juu ya matofali ya kuchoma. Ziache mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, uone njia ya mchwa. Zifunge ukutani kwa juu zisianguke.

Mafuta ya taa yakae peke yake, mbali na vyakula.

Ndugu msomaji, rangi ya kingo ni gharama ndogo. Plaiwudi mpya ni gharama kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

ZOEZI: Pima duka lako leo. Andika urefu, upana na kimo cha alama ya maji. Mpe fundi karatasi hiyo kabla hajashika msumeno.