Wasifu wa bibi usiishie kwenye idadi ya wajukuu

KATIKA misiba ya vijijini kuna kipengele kisichokosekana, nacho ni kusoma wasifu wa marehemu. Akiwa mzee wa kiume, tutaelezwa mwaka alioanza kulima kahawa, mwaka aliojiunga na chama cha msingi, nafasi za uongozi alizoshika na shamba aliloliacha. Akiwa ni mke wa mzee huyo huyo, wasifu hupungua ghafla. Alizaliwa, aliolewa, alijaliwa watoto tisa, wajukuu arobaini na vitukuu kadhaa, alisumbuliwa na presha na miguu, akafariki. Karatasi inakunjwa, watu wanakwenda kaburini.

Sina ugomvi na kuhesabiwa kwa wajukuu. Hoja yangu kwa wasomaji wa kurasa hizi, ambao wengi wetu ni wakulima na wafanyabiashara wadogo, ni kwamba tunamzika mtu aliyeendesha biashara kwa miaka sabini bila biashara yenyewe kutajwa. Na kisichotajwa ni vigumu kukirithi. Hasara yake huanza kuonekana msimu unaofuata.

Chukulia mfano wa bibi wa familia moja ninayoifahamu, katika vijiji vya juu vya Kilimanjaro, aliyefariki akiwa amevuka miaka 90. Tarehe yake ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Familia ilikadiria kwa kusema kwamba alizaliwa mwaka ule chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilipoundwa, yaani 1933. Kwa hiyo alikuwa na umri sawa na ushirika wa kahawa wa mkoa ule, na ukifuata maisha yake unafuata historia ya zao hilo.

Alipoolewa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kahawa ilikuwa na bei nzuri. Fedha zake zilijenga nyumba za bati na kupeleka watoto shule. Lakini kadi ya chama ilikuwa ya mume na malipo yalipokewa na mume. Mgawanyo huo ulijulikana mlimani kote kwamba kahawa ni ya baba na ndizi ni za mama. Mama alipalilia mibuni, alibeba samadi, alichuma kahawa mbivu, alisaidia kuimenya na kuianika. Siku ya malipo hakuwemo kwenye foleni.

Vya kwake vilikuwa vile vilivyoonekana vidogo. Mikungu ya ndizi ya kupeleka gulioni, maziwa ya asubuhi, maharage yaliyopandwa chini ya migomba, na ndizi mbivu na ulezi kwa ajili ya mbege. Alikuwa pia na mahindi katika shamba la tambarare, ambako alishuka alfajiri na kupanda tena jioni na mzigo wa majani kichwani, maana kihamba hakina nafasi ya malisho na ng'ombe hulishwa zizini.

Mfanyabiashara yeyote anaelewa tofauti iliyopo hapo. Fedha ya kahawa ilikuja mara moja au mbili kwa mwaka, na ikija inajenga. Fedha ya ndizi na maziwa ilikuja kila wiki, na ndiyo iliyonunua chumvi, mafuta ya taa, daftari na dawa. Duka linaweza kuvumilia mwaka bila faida kubwa. Haliwezi kuvumilia mwezi bila fedha ya mzunguko.

Uzito wa jambo hilo ulionekana kahawa ilipoyumba. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulivunjika na bei ya dunia ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia. Wapo waliong'oa mibuni na wapo walioiacha ijiotee. Bibi yetu wakati huo alikwishakuwa mjane. Aliongeza ng'ombe wa maziwa, akaongeza migomba penye mibuni iliyozeeka, na ada za watoto wake wa mwisho zikalipwa na vile vitu vilivyoitwa vidogo.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitambua kilimo cha vihamba cha Shimbwe Juu, wilaya ya Moshi, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Kinachosifiwa ni mpangilio wa miti mikubwa juu, migomba katikati, mibuni na maharage chini, ng'ombe zizini akirudisha samadi shambani, na maji ya mfongo yakigawanywa kwa zamu. Tunafurahia sifa hizo. Lakini anayejua mgomba upi ukatwe, samadi iende wapi na mbegu ipi itunzwe, mara nyingi ni mama wa nyumba, na hayo hayamo katika daftari lolote.

Turudi kwa ile familia. Baada ya matanga, watoto waliotoka Dar es Salaam na Arusha walikaa kuhesabu mali. Ndipo walipogundua kuwa mama yao alikuwa na ng'ombe watatu nje ya nyumba. Ni utaratibu wa siku nyingi mlimani. Mwenye ng'ombe humweka kwa mtu mwingine amtunze. Mtunzaji hupata maziwa na samadi, na ndama hugawanywa kwa makubaliano. Mtunzaji mmoja alikuja mwenyewe akasema, "Ng'ombe wa mama yuko kwangu, na ndama wa pili ni wenu." Wale wengine wawili habari zao zimebaki za kusikia. Aliyejua makubaliano kazikwa.

Kulikuwa pia na kibuyu cha maharage yaliyochanganywa na majivu. Ile ilikuwa mbegu, iliyochaguliwa mwaka hadi mwaka kwa ajili ya shamba lile. Ilipikwa msibani na kina mama waliokuja kusaidia, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Zamu ya maji ya mfongo nayo ilipita bila mtu wa nyumba ile kutokea. Hakuna aliyeiba chochote. Ni hesabu tu iliyokuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Jambo zito zaidi ni kihamba chenyewe. Kwa mila, nyumba ya wazazi huenda kwa mtoto wa kiume wa mwisho. Huyu yuko mjini na hana mpango wa kurudi. Aliyekuwa akikata majani, akikamua, akimwogesha na kumlisha mama katika miaka yake ya mwisho ni binti aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika. Ameambiwa asubiri uamuzi wa ukoo. Hadi naandika makala haya bado anasubiri, huku akiendelea kulisha ng'ombe ambao hajui ni wa nani.

Sheria haikosekani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na inasema mila inayomnyima haki hiyo ni batili. Hata kabla ya hapo, mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, ilimpa ushindi mama wa Kagera, Holaria Pastory, aliyepingwa na mpwa wake kwa kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Mahakama ilisema mila ya kumzuia mwanamke kuuza huku mwanamume akiruhusiwa ni ubaguzi.

Upande wa mirathi mambo hayakunyooka hivyo. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 liliweka kanuni kwamba mjane hana fungu katika urithi wa mumewe ikiwa wapo ndugu wa ukoo wa marehemu, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliamua, katika shauri la wajane wawili wa Kitanzania, kwamba kanuni za aina hiyo zinakiuka haki zao. Ndiyo maana si busara kumwachia mahakama au ukoo kazi ambayo familia inaweza kuimaliza yenyewe wakati wazee wangali hai.

Najua hoja ya wazee wetu. Wanasema ukimwandikia binti ardhi, ukoo utatawanyika, kwa sababu ataolewa kwingine na shamba litahama. Ni hofu inayoeleweka, hasa sasa ambapo vihamba vimegawanywa hadi vingine havitoshi hata kujenga nyumba ya pili. Lakini tuangalie nani anauza. Kijana aliye mjini, asiyejua isale la mpaka limepandwa wapi, ni rahisi zaidi kumpokea mnunuzi kuliko anayeishi kwa maziwa na ndizi za shamba hilo. Ikiwa nia ni kulinda ardhi ya ukoo, mlinzi wake ni yule anayeilima.

Wapo pia wanaosema kuzungumzia mirathi mzee akiwa hai ni uchuro. Bibi huyu alilipa mchango wa chama cha kufa na kuzikana kila mwezi kwa miaka mingi. Hakuogopa kujiandalia sanda. Wanaoogopa ni sisi watoto.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, familia inunue daftari, na mjukuu mmoja anayejua kuandika vizuri akae na bibi jioni kadhaa. Waandike mifugo iko kwa nani na kwa makubaliano gani, nani anadaiwa, nani anatudai, zamu ya maji ni siku gani, mipaka iko wapi na mbegu imewekwa wapi.

Pili, jina lake liingie kwenye karatasi. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa majina ya mume na mke. Kadi ya ushirika na akaunti ya SACCOS nazo ziwe na jina lake pale anapofanya kazi. Hii ina faida ya kibiashara, kwani hati ni msaada mkubwa unapoomba mkopo.

Tatu, wosia uandikwe mbele ya mashahidi. RITA husaidia kuuandika na huuhifadhi. Nne, mtoto au mkwe anayebaki na wazee na kuendesha shamba atajwe wazi kwamba fungu lake ni lipi. Kazi yake ina thamani, na Mahakama ya Rufani ilikwisha kubali tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa.

Mifano yangu imetoka Kilimanjaro, lakini mwenye kibanja Bukoba, mwenye migomba Rungwe, au aliyeachiwa genge na mama yake mjini atakuwa ameitambua nyumba yake humu. Kama bibi yako bado yupo, usingoje likizo ya Desemba ndipo umpigie picha na wajukuu. Nenda na daftari mwezi huu. Mwamkie, kaa naye jikoni, na swali la kwanza liwe la kawaida tu: "Bibi, ng'ombe wetu wako kwa nani?"