Mfarishi wa Kwanza: Ununue Kitambaa Kiasi Gani?



Ifikapo Juni na Julai, huku kwetu Hasamba baridi haipigi hodi. Mtoto aliyelala na shuka moja huamka usiku akitafuta mgongo wa mwenzake. Ndiyo maana akina mama kadhaa wameniuliza habari za mfarishi wa vipande, na swali lao la kwanza ni lile lile: ninunue kitambaa kiasi gani?

Nalijua swali hilo kwa machozi. Nilipoanza kazi hii nilitaka mfarishi wa mtoto, upana sm 100 na urefu sm 120. Nikapanda gari mpaka Tunduma, nikanunua vitenge vya rangi mbili, sm 60 kila kimoja. Baada ya safu ya tisa vitambaa vikaisha, na safu zilitakiwa kuwa 12. Niliporudi dukani wiki mbili baadaye, ua lile halikuwapo tena. Nauli ikaenda mara mbili, na mfarishi ukamalizwa kwa rangi isiyofanana.

Jirani yangu alikosea kwa upande wa pili. Kwa kuogopa kupungukiwa, alichukua pisi nzima ya yadi 6 kwa kila rangi, kwa fedha iliyowekwa kwa sare za watoto. Sehemu kubwa ya vitenge hivyo bado imekunjwa sandukuni, na sare zilichelewa.

Nilimpelekea mama mmoja, fundi wa siku nyingi, kazi yangu. Aliigeuza, akaniambia, "Mwanangu, ulipima mfarishi uliokwisha. Hukupima mfarishi unaoshonwa." Nikamjibu, "Kweli, mama." Basi tuhesabu pamoja kama alivyonifundisha.

Kwanza, vipande. Kata kila kipande sm 12 kwa sm 12. Ukiacha sm 1 ya mshono kila upande, kitabaki sm 10. Kwa hiyo utahitaji vipande 10 kwa upana na 12 kwa urefu, jumla 120, yaani 60 kwa kila rangi. Angalia jambo hili: karibu theluthi ya kitambaa inajificha ndani ya mishono! Hapo ndipo nilipoponzwa.

Pili, upana wa kitambaa. Vitenge vingi vina upana wa sm 115 hivi, lakini pima mwenyewe kwa futi ya kamba. Katika upana huo utapata vipande 9 vya sm 12. Vipande 60 vinataka mistari 7, na mistari 7 ya sm 12 ni sm 84. Pamba hurudi ikifuliwa, kwa hiyo nunua mita 1 ya kila rangi, ufue, upige pasi, ndipo ukate. Kumbuka kuwa yadi ni sm 91 tu. Akikuuzia kwa yadi, usihesabu kwa mita.

Tatu, kitambaa cha chini. Kizidi sm 4 kila upande, yaani sm 108 kwa 128. Mita 1 na nusu inatosha. Kanga moja isiyochakaa, ambayo hukuifunga tena, mara nyingi hutosha pia. Ipime kwanza.

Nne, utepe wa pembeni. Mzunguko ni sm 440, na maungio na kona vinataka nyongeza. Kata mistari 5 yenye upana wa sm 6 kutoka upana wote wa kitambaa, yaani sm 30 zaidi za rangi mojawapo.

Jumla ni mita 3 na sm 80. Katikati weka blanketi kuukuu lililofuliwa vizuri, ukiliziba matundu; hakuna haja ya kununua kitu kingine.

Na kama fedha haitoshi hata kwa mita hizo? Usikate tamaa. Huko Gee's Bend, Alabama, Marekani, akina mama weusi walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, na mwaka 2002 mifarishi yao ilionyeshwa katika jumba la makumbusho la Houston. Walianza na walichokuwa nacho. Nawe waweza kumwomba fundi cherehani wa Vwawa au Mlowo mabaki yake, ukanunua kitambaa cha chini tu. Chagua mabaki ya pamba yenye uzito unaolingana, kwa maana kitambaa kizito huchana chembamba kilichoshonwa ubavuni mwake.

Kabla ya kwenda sokoni, andika hesabu yako kwenye karatasi na uishike mkononi. Muuzaji atakuonyesha maua mazuri, na macho hayana kipimo. Karatasi itakukumbusha kiasi ulichokusudia, nayo fedha ya sare itabaki ya sare.

Mfarishi ule wangu wa rangi isiyofanana bado upo. Mwanangu aliulalia mpaka miguu ikatokeza nje. Hakuniuliza hata siku moja kwa nini safu tatu za mwisho ni za rangi nyingine. Yeye alijua tu kwamba una joto.

Tukutane mwezi ujao.